Deni la Muze

Katika mabaraza ya wasomi husikika kauli kwamba idara ya historia katika chuo cha Kikristo ina kazi mbili tu zilizo halali: kuwaandaa vijana watakaokwenda kufundisha katika shule za sekondari, na kuhifadhi kumbukumbu njema ya watu walioileta Injili nchini. Kazi ya kwanza ni ya riziki, na ya pili ni ya adabu. Kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu anayeidharau riziki wala adabu, kauli hiyo hupita bila kupingwa, na waliyoisema hurudi kwenye vyumba vya kufundishia wakiwa na dhamiri tulivu. Walakini ni kauli mbovu. Huifanya historia iwe ama chombo cha kupatia cheti, ama mshumaa wa kuwashwa mbele ya picha za marehemu. Na katika hali zote mbili swali la mwanahistoria, yaani kama jambo fulani lilitukia au halikutukia, na ni nani ajuaye, hukosa pa kukaa.

Ubovu huo hauonekani vizuri Mwanza wala Dodoma wala Morogoro, ambako vyuo hivyo vina majengo, maktaba na mahafali. Huonekana pale ambapo mambo yanayofundishwa yalitukia. Muze ni mahali pa namna hiyo.

Muze ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, chini ya ukingo wa Lyambalyamfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa. Mtu atokaye mjini Sumbawanga hupita Ntendo, kisha huiacha nyanda ya juu yenye baridi na upepo, akateremka takribani mita elfu moja mpaka kwenye joto, mpunga na harufu ya samaki. Wafipa wa juu na watu wa bondeni ni jamaa, lakini hawaishi maisha mamoja, na hiyo ni sababu ya kwanza ya kutoridhika na historia ya Ufipa inayosimuliwa kutoka nyanda za juu peke yake.

Bonde hilo halikosi habari. Kusini mwake, Ivuna, watu walichemsha chumvi tangu karne nyingi zilizopita, na wachimbuaji wa mambo ya kale waliyachunguza mabaki ya kazi hiyo katika miaka ya 1960. Pamba ilisokotwa na kufumwa bondeni kuwa nguo nzito, kabla vitambaa vya kigeni havijawaondoa wafumaji sokoni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Kimalaunga alijijengea nguvu huko kwa bunduki na biashara ya watu, hata Wajerumani walipomvunja katika miaka ya 1890. Ziwa lenyewe hupanda na kushuka bila kuomba ruhusa, mara likafunika mashamba, mara likaacha uwanda mkavu. Nzige wekundu walioteketeza mazao katika nchi nyingi za Afrika kati ya mwaka 1930 na 1944 wana makao machache ya kuzaliana, na bonde la Rukwa ni mojawapo. Kwa ajili yake na mengine kama hayo liliundwa mwaka 1949 shirika la kimataifa la kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Baadaye ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kisha wafugaji wa Kisukuma na makundi yao ya ng'ombe, na pamoja nao mabishano ya malisho na mashamba ambayo bado hayajatulia. Mahali palipoona yote hayo hapawezi kuitwa mahali pasipo historia. Palipopungukiwa ni mtu wa kuuliza.

Waliouliza walikuwako, wala si haki kuwasahau. Askofu Adolphe Lechaptois wa Shirika la Mapadre Weupe, aliyeongoza Kanisa la pande hizo tangu mwaka 1891 hata kufa kwake mwaka 1917, alichapisha mwaka 1913 kitabu juu ya watu wa ufuko wa Tanganyika, na humo zimo habari za Wafipa zilizokusanywa wakati watu wazima wa enzi za wafalme bado wakiishi. Roy Willis, Mwingereza, alikaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika sura juu ya Wafipa katika kitabu cha mwaka 1968 kilichohaririwa na Andrew Roberts juu ya Tanzania kabla ya mwaka 1900, na hatimaye akatoa mwaka 1981 kitabu chake kikubwa juu ya dola ya Ufipa. Kathleen Smythe, Mmarekani, alitoa mwaka 2006 kitabu juu ya familia za Kifipa na mahubiri ya Kikatoliki katika Nkansi. Bertram Mapunda, Mtanzania, alichimbua matanuri ya chuma na akatoa kitabu juu yake mwaka 2010. Kimoja kimeandikwa kwa Kifaransa, vitatu kwa Kiingereza. Viwili vya katikati vilichapishwa Marekani. Mzee wa Muze ambaye baba yake alisimulia, na ambaye masimulizi hayo yangemhusu kuliko mtu yeyote, hana hata kimoja anachoweza kukisoma jioni mlangoni pake.

Hapo ndipo chuo cha Kikristo kinapohusika, na kinahusika kuliko chuo cha Serikali. Sababu haikutungwa na wapinzani wa Kanisa. Imo katika kanuni za Misheni yenyewe.

Charles Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Mapadre Weupe mjini Algiers mwaka 1868, alikuwa kabla ya uaskofu wake mwalimu wa historia ya Kanisa katika Sorbonne, Paris. Jambo hili hutajwa mara chache, nalo ni kubwa. Mtu huyo aliwaagiza wamisionari wake waishi watatu watatu, wajifunze lugha ya wenyeji haraka, na katika kila kituo liandikwe daftari la kila siku: nani amekuja, nani amekufa, mvua imenyesha lini, mfalme amesema nini, mtoto gani ameletwa. Mwalimu wa historia alijua alilokuwa akilitenda. Hivyo Karema, ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1879 na kuwakabidhi mapadre mwaka 1885, na vituo vilivyozaliwa baada yake juu Ufipa na hata Zimba bondeni, viliachiwa amri ya kuacha maandishi. Katika nchi ambayo kabla ya hapo haikuandika, madaftari hayo ni hazina isiyo na mfano. Nayo yalihifadhiwa vizuri. Nyaraka kuu za Shirika zipo Roma, na wasomi wa Ulaya na Marekani huenda huko, hukaa, husoma, hunukuu, kisha hurudi kwao wakawa mabingwa wa Ufipa.

Basi na aulizwe mkuu wa idara yoyote ya historia katika chuo cha Kikristo nchini: kuna nakala ngapi za madaftari hayo katika maktaba yake? Zimefasiriwa kurasa ngapi kwa Kiswahili? Na kama jibu ni sifuri, aeleze kwa nini kijana kutoka Muze, ambaye babu yake huenda ametajwa katika ukurasa fulani, apande ndege mpaka Italia na kujifunza Kifaransa ili alijue jambo lililotukia nyuma ya nyumba yao. Haitoshi kusema kwamba karatasi hizo ni mali ya wageni. Charles Msakila, Mwafrika, aliwekwa kuwa Askofu wa Karema mwaka 1958. Jimbo hilo likaitwa Sumbawanga mwaka 1969, naye akaliongoza hata mwaka 1994. Kwa zaidi ya nusu karne funguo za Kanisa la Ufipa zimekuwa mikononi mwa watoto wa nchi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichotokana na chuo cha Nyegezi cha mwaka 1960 na kupewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998, ni mali ya maaskofu wa Tanzania, si ya Algiers. Mwenye nyumba hawezi kuendelea kujiita mgeni kila anapoombwa kufungua kabati.

Hofu iliyo nyuma ya udhuru huo inafahamika, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Kabati likifunguliwa, kitatoka nini? Watatoka, bila shaka, watu wa fadhila. Atatoka Adrian Atiman, mtoto wa Afrika ya Magharibi aliyetekwa, akanunuliwa na mapadre, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuna haja ya kumtia chumvi mtu kama huyo. Walakini kabati lililo na Atiman lina pia watoto wengine, wengi, walionunuliwa ili wakombolewe, wakalelewa chini ya ulinzi wa Misheni, wakaozwa, wakapewa mashamba katika kijiji cha Kikristo. Ibada humsimulia mmoja aliyefaulu. Historia huuliza habari za wale ambao jina lao limeandikwa mara moja tu: walitoka kwa nani, waliuzwa na nani, kwa kitu gani, na je, walipokua walikuwa huru kuondoka? Kununua mtu ili kumkomboa ni tendo la huruma. Ni tendo pia la kulipa, na mlipaji mmoja akijulikana njiani kwamba hulipa, muuzaji naye hupata habari. Wamisionari wenyewe walilijua fumbo hilo na lilifadhaisha dhamiri zao. Ikiwa wao walifadhaika, haifai wanafunzi wa leo wafundishwe kutofadhaika.

Vitatoka pia maneno makali juu ya dini ya wenyeji. Katavi, pepo mkubwa wa nchi aliyeheshimiwa pande hizo, aliwekwa na mahubiri katika kundi la mapepo ya kukataliwa. Mwaka 2012 Serikali ilipoigawa Rukwa, sehemu ya kaskazini ikapewa jina la Mkoa wa Katavi, na Wakristo hutaja jina hilo kila siku katika barua na hotuba bila kujikwaa. Yaliyotukia kati ya mambo hayo mawili, jinsi jina lilivyoshuka kutoka madhabahuni hadi katika katekisimu, na kutoka katekisimu hadi kwenye kibao cha barabarani, ni historia ya Ukristo wa Ufipa kwa hakika zaidi kuliko orodha ya mapadre na miaka waliyofika. Idara inayokwepa habari hiyo kwa sababu inamtaja pepo imekwepa kazi yake.

Wapo watakaosema kwamba uchunguzi wa namna hii ni desturi ya wasioamini, iliyoletwa kutoka kwenye vyuo visivyo na dini. Hao hawakuisoma historia ya Kanisa lao. Katika karne ya 17, mjini Antwerp, Daniel Papebroch na wenzake Wajesuiti walizipima habari za watakatifu moja moja, wakatupa zilizotungwa. Papebroch alikanusha kwamba shirika la Wakarmeli lilianzishwa na nabii Eliya, na kwa ajili hiyo Baraza la Kuhoji Imani la Hispania likavihukumu vitabu vyao mwaka 1695. Vitabu havikufa, na kazi yao iliendelea mpaka zama zetu. Papebroch huyo huyo alipozitilia shaka hati za kale za monasteri, Mbenedikto Jean Mabillon alimjibu mwaka 1681 kwa kitabu kilichoweka misingi ya kupima hati, na Papebroch akakiri waziwazi kwamba ameshindwa kwa haki. Watawa wawili walibishana juu ya karatasi kuukuu, na kutokana na ubishi wao wanahistoria wote wa dunia, waaminio na wasioamini, walipata zana. Papa Leo XIII naye alizifungua nyaraka za Vatikani kwa watafiti mwaka 1881. Basi anayeogopa kufungua kabati la Zimba anaogopa jambo ambalo Roma haikuliogopa.

Wala si lazima kwenda Antwerp kutafuta mfano. Aylward Shorter, mmoja wa Mapadre Weupe, alitembea katika nchi ya Wakimbu, kaskazini mashariki ya Rukwa, akakusanya habari za watemi wao, na mwaka 1972 akazitoa katika kitabu ambacho wasomi wa dini zote na wasio na dini hukitumia. Kanzu yake haikumzuia kuuliza. Na Mapunda, aliyekwisha kutajwa kwa habari za chuma, baadaye alikuwa mkuu wa Chuo cha Jordan, Morogoro, ambacho ni chuo cha Wakatoliki. Hao wawili wanatosha kuonyesha kwamba kinachopungua si ruhusa.

Habari ya chuma yafaa kukaliwa kidogo, kwa maana inaonyesha jinsi elimu inavyoweza kulala mbele ya macho ya watu. Wafipa waliyeyusha mtapo katika matanuri marefu yaitwayo malungu, yaliyomzidi mtu kimo, yakijengwa mara nyingi kwenye udongo wa vichuguu. Hewa ilijivuta yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto, na chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto kabla ya mhunzi kukifua. Kazi hiyo ilikuwa na mabingwa, miiko, dawa na nyimbo. Ilizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya dukani yalipokuwa rahisi. J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliwawahi wazee walioifanya, akaandika makala juu yao mwaka 1969. Malungu mengine bado yamesimama maporini, na watoto huchungia mbuzi kando yake. Mwanafunzi anayesoma Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza kwa ajili ya mtihani, ambaye anaweza kutaja mashine za kusokotea pamba za Lancashire kwa mpangilio wake, yamkini amekwisha kuketi juu ya tofali la tanuri la babu yake, naye hakuambiwa. Pamba ya Lancashire na pamba ya bonde la Rukwa zilikutana sokoni. Somo ni moja, ila limefundishwa nusu.

Hapa hujitokeza mpinzani wa aina nyingine, aliye msomi zaidi. Husema kwamba maneno ya wazee hayaaminiki. Kwamba wazee husahau, hupendelea ukoo wao, na siku hizi hurudia yale waliyoyasikia redioni. Ni kweli. Lakini daftari la padre nalo husahau, na hupendelea ukoo wake. Wazee wa Ufipa husimulia kwamba mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni akakaa Milansi. Kisha siku moja, mfalme wa Milansi akiwa mawindoni, wakaja wanawake wageni, wakakalia kiti chake, na baada ya mapatano nchi ikawa ya nasaba ya wanawake hao, Watwachi, na Milansi ikabaki na kipande kidogo cha ardhi na heshima ya ukuhani. Waandishi wengi wa enzi za ukoloni, popote walipokuta ngano ya mfalme mgeni, waliisoma kwa miwani ya dhana ya Wahamiti, iliyotangazwa na Speke mwaka 1863: kwamba kila utawala wenye adabu katika Afrika umeletwa na watu weupeweupe kutoka kaskazini. Willis aliisoma ngano hiyohiyo kwa namna nyingine. Aliona kwamba Wafipa walikuwa wakifikiri juu ya mamlaka ya aina mbili, ya mwenyeji aliyetulia na ya mgeni mwenye mwendo, na juu ya namna zinavyoweza kukaa pamoja bila kuuana. Ngano haikubadilika. Kilichobadilika ni swali.

Na msomaji mwangalifu ataona jambo ambalo idara ya chuo cha Kikristo ingepaswa kuwa ya kwanza kuliona. Ngano ya wageni wanaokuja, wanaokalia kiti, wanaopatana na mwenyeji na kumwachia ukuhani mdogo, ilikuwa imekwisha kuwapo Ufipa kabla padre wa kwanza hajateremka kutoka mtumbwini. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Milansi ingejibu kwamba yategemea mgeni amekaa wapi. Je, watu wa Ufipa walimpokeaje padre: kama tabibu, kama mfalme mpya, au kama yule mgeni wa hadithi aliyetarajiwa? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa daftari peke yake, kwa kuwa aliyekuwa akipokewa ndiye aliyekuwa akiandika. Haliwezi kujibiwa kwa wazee peke yao, kwa kuwa wamepita katika vizazi vitatu vya mafundisho. Linahitaji vyote viwili viwekwe meza moja na kubishanishwa. Nani nchini ana njia ya kuvifikia vyote viwili kwa urahisi kuliko chuo cha Kanisa, chenye maaskofu upande mmoja na maparokia upande mwingine?

Kazi ya namna hiyo haijawa ndoto. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ikiwa chini ya Terence Ranger, walikwenda likizoni katika wilaya zilizopigana Maji Maji, wakawahoji wazee, wakaandika waliyoyasikia kijiji kwa kijiji, na maandishi yao yakakusanywa. Walikuwa vijana wa shahada ya kwanza, wengi wao wakihoji katika nchi walizozaliwa. Lau wangengoja kwa miaka 20 mpaka wapate fedha kamili na mbinu kamili, mashahidi wengi wangekuwa kaburini. Makosa yamo katika maandishi hayo, na wanahistoria waliofuata wameyasahihisha. Lakini mtu hawezi kusahihisha kile ambacho hakikuandikwa.

Ubaya ni kwamba hata pale kijana anapotumwa na kuandika, huandika kwa ajili ya kabati jingine. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha ya mafundisho ya vyuo vikuu. Husomwa na msimamizi, na mtahini, na mchwa. Mzee aliyehojiwa kwa Kifipa na Kiswahili hawezi kuangalia kama maneno yake yametiwa mle kama alivyoyasema. Kwa mizani ya elimu tu, kando ya haki, hilo ni kosa la mbinu: shahidi aliye hai amenyimwa nafasi ya kusahihisha ushahidi wake. Elimu ya historia, ambayo wazee wa pwani waliiita tarehe, ilikuwa na adabu ya kusomwa mbele ya watu waliotajwa humo, nao hawakukaa kimya walipotajwa vibaya.

Wala haja ya Kiswahili si ya adabu peke yake sasa. Mtaala mpya uliotangazwa mwaka 2023 umeweka katika shule somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Walimu wengi wa somo hilo hutoka katika vyuo vya Kikristo, kwa kuwa vyuo hivyo ndivyo vilivyofungua milango ya ualimu kwa maelfu ya vijana. Mwalimu akipangiwa shule ya bonde la Rukwa atasimama mbele ya watoto wa wavuvi, wakulima wa mpunga na wafugaji. Akiwa na kitabu kimoja cha taifa, atawaambia habari za Mirambo na Mkwawa, na vema awaambie. Watoto wakiuliza Kimalaunga alikuwa nani, au kwa nini bibi zao hulitaja jina la Kamcape kwa sauti ya chini, atawajibu nini? Kamcape ilikuwa harakati ya kuwasaka wachawi na kuwatwaa dawa zao. Ilipita Ufipa mwaka 1963 na 1964, baada ya Uhuru, katika vijiji vilivyokwisha kubatizwa, na Willis akaiandikia makala mwaka 1968. Mwalimu ambaye chuo chake kilimfundisha kwamba mambo hayo ni aibu ya parokia atawaambia watoto wanyamaze, nao wataendelea kuishi katika mji ambao jina lake, Sumbawanga, hufasiriwa kuwa ni kuutupa uchawi, bila kujua ni nani aliutupa, lini, na kwa mkono wa nani.

Hoja inayobaki ni ya fedha na wakati. Mhadhiri ana madarasa makubwa, karatasi za kusahihisha ni nyingi, na ada hulipwa kwa kuchelewa mikopo inapochelewa. Yote ni kweli, na mwenye kuyapuuza hajafundisha. Lakini madai yenyewe ni madogo kuliko yanavyosikika. Hayahitaji jengo. Yanahitaji barua moja ya askofu kwenda Roma kuomba nakala za madaftari ya vituo vya jimbo lake. Mwalimu mmoja anayejua Kifaransa na awezaye kuifasiri miaka kumi ya kituo kimoja. Wanafunzi ambao tayari hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na ambao wale waendao Rukwa wangepewa pamoja na andalio la somo orodha ya maswali. Na kanuni ya idara kwamba tasnifu isipokelewe bila muhtasari wa Kiswahili uliosomwa mbele ya watu waliohojiwa. Maparokia yatawalaza. Makatekista wanajua nyumba za wazee. Barabara ya kutoka Ntendo hushuka Muze siku hiyohiyo, na mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 Kamcape ilipopita Ufipa mwaka 1963 sasa amepita miaka 70.